Damu Yetu Wenyewe

Bwenini, Shinyanga
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kaka Maganga,

Shikamoo. Ninaandika nikitumaini umetoka shimoni, uko juu ya ardhi, umeoga, umekula. Mimi ni mzima. Maji hapa shuleni yanatoka Jumanne na Ijumaa, siku nyingine tunabeba ndoo kutoka kwenye tangi la kanisa, lakini hilo tumelizoea. Mama alikuja kuniona wiki mbili zilizopita akaniletea karanga na michembe ya viazi. Anasema Baba bado analalamikia goti, na kijijini kwetu Didia wanaangalia mawingu tu. Alinionyesha picha ya mwanao Mariana kwenye simu yake. Mashavu ni yako yale yale. Msalimie sana wifi.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niazime karatasi kwa mwenzangu.

Mwezi huu kwenye baiolojia tumeanza mada ya urithi, yaani namna mtoto anavyochukua vitu kwa baba na kwa mama. Mwalimu Zakia alituchorea ubaoni ugonjwa wa selimundu, ule ambao watu wanauita sikoseli. Chembe za damu za mtu mwenye afya ni za mviringo. Za mgonjwa zinajikunja, zinakwama kwenye mishipa, na mtoto analia kwa maumivu. Akaanza kutaja dalili. Mikono na miguu kuvimba mtoto akiwa bado hajafikisha miaka miwili. Macho ya njano. Mifupa kuuma wakati wa baridi. Damu kuisha ghafla. Wenzangu wanaandika, kalamu yangu imesimama, kwa sababu mwalimu alikuwa anamtaja Wiliam.

Kaka, mdogo wetu hakurogwa.

Ugonjwa ule haupandwi na mtu. Mtoto anaupata akipokea mbegu mbovu moja kwa baba na nyingine kwa mama, na hao wazazi wenyewe wanakuwa wazima, wanalima, hawajui lolote. Baadaye tulipewa jaribio. Swali la nne lilisema tueleze ugonjwa huu unavyorithiwa. Alama kumi. Nilipata tisa, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa.

Mwaka 2015, Wiliam alipokufa, mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na saba. Shangazi Lusia, dada yake Baba, mjane asiye na mtoto, ndiye aliyekuwa anambeba Wiliam mgongoni kumpeleka kupata dawa. Siku ya gulio, saa sita mchana, wewe ndiye uliyeng'oa mlango wa nyumba yake. Wewe ndiye uliyewasha nyasi za paa. Mganga alisema tutafute mwenye macho mekundu. Macho ya Shangazi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kama ya kila mwanamke anayepikia kinyesi Didia nzima. Alitoka na beseni la vyombo kichwani, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Watu wanasema alielekea upande wa Geita. Wewe uko Geita mwaka wa nne huu. Yuko wapi?

Mdogo wako,
Paskalina


Machimboni, Katoro
27 Oktoba 2024

Paskalina,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Ndaki, yule kondakta wa basi, wiki tatu nzima, maana nilikuwa siji mjini. Duara letu, shimo tunalochimba, lilijaa maji, tukayavuta kwa mashine siku kumi na moja ndipo tukaanza tena kushuka. Abel, ninayechimba naye, anakusalimia. Huku mvua imeanza. Mama Mariana hajambo. Mariana naye hajambo, ila amekuwa mtoto wa kulia sana, na mikono imevimba kidogo, mama yake anamkanda kwa maji ya moto. Labda ni siafu.

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Ulipelekwa shule ukasome. Hukupelekwa ili urudi kutusimamisha sisi kizimbani.

Wiliam alikata roho nikiwa nimemshika kichwa. Sio wewe, ni mimi. Baba amekaa kwenye kigoda, hasemi. Mama amelala chini. Uani watu wamejaa, mpaka nje ya boma wamejaa, na wote hawamwangalii Baba, wananiangalia mimi, mtoto mkubwa wa kiume. Mganga ameshasema. Ulitaka nifanye nini? Niwasomee kitabu chako? Kitabu chako wakati huo kilikuwa wapi, Paskalina?

Ni rahisi kukaa kwenye dawati na yunifomu ukamfundisha mtu jinsi alivyotakiwa kuishi miaka tisa iliyopita.

Huyo unayemwulizia sijui aliko. Geita ni kubwa. Usiniandikie tena habari hiyo. Ukiandika, andika habari za masomo na afya yako.

Kaka yako,
Maganga


Bwenini, Shinyanga
3 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Salamu nyingine leo sina.

Mikono yote miwili? Na miguu je? Mariana ana mwaka mmoja na miezi minne. Siafu hawagawi kazi, huyu aume mkono wa kulia na yule wa kushoto, ivimbe sawa sawa.

Mpeleke hospitali. Sio duka la dawa, hospitali yenye maabara. Ukifika sema hivi: naomba mtoto apimwe selimundu. Liandike hilo neno kwenye kiganja kama utalisahau. Akipata homa usingoje hata nusu siku. Anywe maji mengi. Asipigwe na baridi. Asichanjwe chale hata moja, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Nakujua, kaka. Kwanza utaenda kwa mganga. Basi nikuulize mapema ili usinishtue baadaye: safari hii ni nani? Mama mkwe? Jirani anayechota maji na wifi? Huko Katoro nani ana macho mekundu?

Nijibu haraka.

Paskalina


Bwenini, Shinyanga
12 Januari 2025

Kaka Maganga,

Shikamoo. Hukunijibu. Ndaki amepita stendi hapa mara nne, namfuata kila mara kwa ruhusa ya matroni, ananionyesha mikono mitupu. Nilichukua simu ya Mama nilipokuwa nyumbani Desemba, nikakupigia, simu yako imezimwa. Kwa hiyo ninaandika bila kujua kama Mariana yuko hai. Ujue tu kwamba nimeandika sentensi hiyo.

Nyumbani ni wazima. Mvua imenyesha, wamepanda mpunga. Mama amekonda. Baba goti linapona anapokuwa na jambo la kufanya, linauma anapoulizwa swali.

Nilimwuliza. Siku ya tatu baada ya Krismasi tulikuwa tunapalilia kwenye majaruba yale mawili ya mpunga ya kule bondeni. Unayakumbuka yalikuwa ya nani. Babu alimpa Shangazi Lusia alipofiwa na mumewe, apate chakula chake. Baba analima pale tangu mwaka ule Shangazi alipoondoka. Mimi nimelelewa kwa mpunga wa pale, na wewe pia, na hakuna siku hata moja tuliyosema mbele ya sahani kwamba huu ni wali wa mtu tuliyemchomea nyumba.

Nikasema, "Baba, Wiliam alikufa na ugonjwa gani?"

Akasema, "Acha mambo ya zamani, palilia."

Jioni Mama akafungua sanduku lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya vitenge, akaniwekea mapajani, akaenda kukoka moto. Yeye hajui kusoma, lakini miaka yote hiyo hakuitupa.

Ni karatasi ya hospitali, ya Machi 2014. Jina la Wiliam. Imeandikwa kwamba amepimwa selimundu na amekutwa nayo, arudi kliniki kila mwezi. Chini yake imeandikwa kwamba ameongezewa damu chupa moja. Aliyeitoa: Lusia, shangazi.

Soma tena, kaka. Tulisema anamnyonya mtoto damu. Yeye ndiye aliyempa.

Nikaenda na karatasi kwa Baba. Hakushtuka. Alikuwa anaijua. Siku ile daktari alimwita yeye na Mama, akawaeleza kwamba ugonjwa huu umetoka kwenye damu yao wote wawili. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza watu walipojaa uani. Unajua alichonijibu? "Ulitaka nisimame mbele ya watu niseme damu yangu ni mbovu? Wewe ungeolewa na nani?"

Kwa hiyo alimwacha dada yake wa tumbo moja afukuzwe ili damu yake isitajwe. Na shamba likabaki. Sijui kipi kilitangulia, aibu au shamba. Nilimwuliza hilo pia, akainua fimbo, Mama akaingia katikati.

Nilirudi shuleni siku nne kabla ya kufungua. Nilimdanganya matroni kwamba nyumbani kuna ukame.

Paskalina


Katoro
22 Februari 2025

Mdogo wangu Paskalina,

Marahaba. Mariana yuko hai. Naliweka mbele kwa sababu ulistahili kulijua muda mrefu. Mama yake anakusalimia, na sasa ni mjamzito, miezi minne. Duara tumeliacha, mwamba wa dhahabu umekata. Natumia mashine ya karasha kwa mtu mwingine, nasaga mawe.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa sina mdomo. Sasa nitakueleza, usinikatize.

Barua yako ya Novemba niliipata. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikasema huyu mtoto ana kiburi. Desemba Mariana akazidiwa. Alilia siku mbili mpaka sauti ikaisha, akawa anafungua mdomo tu. Nikafanya ulichosema nitafanya. Nilikwenda kwa mganga. Akatazama mambo yake akaniambia, mbaya wako ni wa upande wa baba, mwanamke mzee, macho mekundu, anakaa karibu na maji, anapika.

Nilimjua hapo hapo. Nilikudanganya, Paskalina. Nilijua aliko tangu mwaka wangu wa pili huku. Shangazi Lusia anauza uji na maandazi kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, mwendo wa dakika ishirini kutoka kambini kwetu. Siku nilipomwona mara ya kwanza nilivuta kofia usoni nikapita. Nimekuwa nikizunguka njia ya mbali miaka miwili ili nisipite kwenye kibanda chake.

Nikamchukua Abel, nikachukua panga. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa uji. Shangazi alikuwa anakoroga. Aliinua uso, akaona panga, akaniangalia mimi. Hakuacha kukoroga.

Akasema, "Maganga. Mtoto wako anaumwa mikono?"

Nikasogea hatua moja.

"Anaumwa mikono na miguu," akasema. "Na macho yamekuwa ya njano. Umekuja kuniua kwa ajili ya hilo?"

Abel akanishika bega. Akaniuliza, "Huyu mama anakujua?" Nikashindwa kusema ni nani yangu.

Shangazi akasema, "Wiliam nilimbeba mgongoni mpaka Shinyanga mjini. Walinieleza ni ugonjwa wa damu. Baba yako walimweleza pia. Kama unataka kunikata, nikate, lakini kwanza mpeleke mtoto hospitali, halafu urudi. Mimi sina pa kwenda. Mlishanifukuza mara moja."

Paskalina, wateja walikuwa wameshika vikombe vyao hewani. Niliweka panga chini kwenye tope. Sikusema samahani. Nilikimbia. Nilimpakia Mariana na mama yake kwenye bodaboda, na mlangoni pa hospitali nikatoa barua yako mfukoni, nikamsomea muuguzi lile neno.

Ameongezewa damu. Majibu ni hayo uliyoyasema. Mimi ninayo nusu, mama yake anayo nusu, mtoto amepata zote mbili. Sasa anakunywa vidonge kila siku, tunakwenda kliniki kila mwezi. Anatembea, anavunja vikombe.

Umeshinda, basi. Lakini kuna kitu kimoja hakimo kwenye barua zako. Umeandika mlango niliong'oa mimi, paa nililochoma mimi, kimya cha Baba, shamba la Baba. Siku ile, kabla sijashika mlango wowote, mganga aliuliza nani alimpa mtoto chakula cha mwisho. Kuna mtu alijibu. Mbona hujamwandika?

Maganga


Bwenini, Shinyanga
2 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa Mariana. Nilisoma mstari ule wa kwanza nikakaa chini, kwenye sakafu ya bweni, na wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Nitakujibu swali lako.

Ni mimi niliyejibu. Nilisema "Shangazi". Wewe unadhani nilisema nilichokiona. Hapana. Wiliam hakupewa uji na Shangazi siku ile. Nilimpa mimi. Mama aliniachia kikombe nimnyweshe, akakataa kunywa, mimi nikamlazimisha kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Alikohoa, uji ukamtoka puani. Baada ya muda akazidiwa. Nilijua kabisa kwamba nimemwua. Mganga alipouliza, watu wote wakageuka kunitazama, na nikaona ni mimi nitakayechomwa. Shangazi alikuwa anapita nyuma ya ua na kuni. Jina lake ndilo lililokuwa karibu.

Uji haukumwua. Najua hilo sasa, nimelisomea, naweza kuliandikia insha ya kurasa tatu. Wakati ule sikujua. Miaka tisa nimeamini kwamba niliua mtu mmoja na kumfukuzisha mwingine. Unafikiri kwa nini nilichagua mchepuo wa sayansi na kuing'ang'ania baiolojia, wakati walimu wa kidato cha nne walinishauri nichukue lugha? Nilikuwa natafuta kitu kilichomwua Wiliam ambacho sio mimi. Nilipokipata sikufurahi. Nilikasirika, na hasira nikaitupa kwako kwa sababu wewe ulikuwa mbali.

Lakini bado nina hasira na wewe. Usidhani nimeimaliza. Ulijua aliko miaka miwili ukavuta kofia. Ulinisoma nikimtafuta ukaandika Geita ni kubwa. Ulibeba panga.

Hili ndilo ninalotaka. Sio samahani za kunong'ona kwenye kibanda. Uliivunja nyumba yake mchana, watu wote wanaona. Nenda Didia, mchana, watu wote wanasikia, uwaeleze ulichofanya na kwamba hakikuwa kweli. Chukua karatasi ya Wiliam kwa Mama, mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, asije mtu akasema umeitunga. Na majaruba yarudi kwa mwenyewe.

Ningekuja mimi. Mtihani wa taifa unaanza Mei, na kuanzia sasa hatutoki. Jambo langu nitalisema mwenyewe kwa Shangazi, kwa mdomo wangu. Usinisemee.

Paskalina


Didia
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Ninaandika nikiwa nyumbani, mgongo unauma, utajua kwa nini. Mama anakusalimia, ameniambia niandike kwamba anakuombea mtihani. Mariana na mama yake nimewaacha Katoro karibu na kliniki.

Nilirudi kwenye kile kibanda mara tatu. Mara ya kwanza Shangazi aliniuzia uji kama mteja, akachukua kikombe, akaosha, basi. Mara ya pili nilisema. Nilisema yote. Akajibu, "Nimesikia," akaendelea kukata maandazi. Mara ya tatu nikamwambia nakwenda Didia kulisema mbele ya watu. Hapo ndipo aliponitazama. Akasema, "Na mimi nakuja. Nataka kuona nyuso zao."

Tulifika Jumatatu ya Pasaka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameita mkutano wa barabara, watu wamejaa. Niliomba kusema. Nikasema: mwaka 2015 mimi Maganga nilibomoa nyumba ya huyu mama na kuichoma, na nilimfukuza kwa kosa ambalo hakulifanya. Mwalimu Selestine wa shule ya msingi akaisoma karatasi, polepole, mpaka kwenye ile damu. Mayu mmoja, mama mzee wa pale mbele, akajifunika uso kwa khanga. Wazee wa sungusungu wakaanza kuangalia viatu vyao.

Baba alikuwepo. Nilimngoja aseme. Kila mtu alimngoja. Akasimama, akachukua fimbo yake, akaondoka kwa lile goti lake, hata hakuchechemea.

Mwenyekiti akataka kulimaliza kistaarabu. Akasema, "Mama Lusia, tumekosa, tunakuomba usamehe, urudi, tutakujengea hata chumba kimoja."

Shangazi akasema, "Sikuja kuomba chumba. Mlikuwa hapa wote. Wewe mwenyekiti ulikuwa umesimama pale, una shati la kijani. Sirudi kukaa na nyie. Yale majaruba ni yangu, baba yangu alinipa. Mpunga uliomo ni wangu. Huyu aliyenichomea atauvuna, ataupura, atanipakilia, ataniletea Katoro. Hamtamsaidia. Nikisikia mtu amemsaidia, nitapeleka jambo hili polisi."

Akapanda basi la saa nane. Hakunywa hata maji kijijini.

Kwa hiyo ninavuna peke yangu. Leo ni siku ya sita, nimefika nusu ya jaruba la kwanza. Watu wanapita njiani, wanasema "Mwangaluka," nawaitikia, wanapita haraka. Baba anapita pia. Jana alisimama ukingoni muda mrefu. Nikamwambia, "Shuka uvune." Akaondoka. Sijui kama ningemruhusu.

Kwenye basi tulipokuwa tunakuja Shangazi aliniuliza jambo moja tu, safari nzima. Aliuliza, "Na yule msichana, aliyesema ni mimi. Yeye anafanya nini?" Nikamwambia anasoma kidato cha sita, anasoma baiolojia. Akageukia dirishani.

Nami nina swali, unijibu ukimaliza mtihani. Daktari alituambia ni mtoto mmoja kati ya wanne. Mariana ameshakuwa huyo mmoja. Kwa hiyo huyu aliye tumboni ni mzima, sio? Mama Mariana anasubiri jibu lako kuliko la daktari.

Maganga


Katoro
1 Juni 2025

Kaka Maganga,

Shikamoo. Mtihani nimemaliza Jumatatu, Jumatano nikapanda basi la Ndaki moja kwa moja mpaka huku. Sikupita nyumbani. Mama nilimpigia. Baba alichukua simu akasema nije tuyamalize kama familia. Nikamwambia ya kwangu na yeye yataanza siku atakayokwenda kwa dada yake, nikakata. Wifi na Mariana ni wazima. Mariana amenizoea, ananivuta nywele.

Nakujibu swali lako kwanza, kwa sababu wifi amekaa hapa kando ananiangalia mkono.

Hapana, kaka. Sio hivyo. Mwalimu Zakia alitufundisha kwa makopo mawili ya maharage, la baba na la mama, kila moja lina meupe na mekundu, na mekundu ndiyo mbegu mbovu. Unachota moja kila kopo bila kuangalia, unaandika ulichopata, halafu unayarudisha. Unayarudisha kila mara. Mariana hakumlipia mwenzake. Huyu anayekuja anaanza upya kabisa: nafasi moja kati ya nne awe mgonjwa, tatu asiwe. Nilitaka kumwambia wifi uongo, uso wake ulivyokuwa. Nimemwambia kweli. Akizaliwa apimwe mapema, asingoje mikono ivimbe. Wifi amelia, kisha akaniuliza tarehe za kliniki.

Sasa Shangazi.

Nilikwenda mwaloni Alhamisi, wateja walipopungua. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Hakusema marahaba. Nikamwambia yote, uji, kikombe, kwamba nilikuwa najua sio yeye na bado nikamtaja. Sikumwambia nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimejizuia njia nzima nisiliseme hilo.

Akasema, "Nilikusikia siku ile. Nilikuwa nyuma ya ua na kuni zangu. Nilijua ni wewe uliyemnywesha, nilikuona. Nilingoja useme tena, ubadilishe. Nikahesabu mpaka watu wakaanza kunijia."

Nikamwambia, "Nisamehe, Shangazi."

Akasema, "Nikikusamehe leo, utalala usingizi mzuri. Sitaki ulale bado."

Halafu akanyoosha mwiko akanionyesha kibanda cha tano kutoka kwake. "Yule dada pale, mama Enock, mwanawe macho yamekuwa ya njano tangu mwezi uliopita. Wanasema ni mke mwenza. Mke mwenza ameshaanza kufunga mizigo. Mimi nikienda kusema, kwa macho haya, unajua watakachosema. Wewe umesoma. Nenda."

Nilikwenda. Yule mama alinisikiliza mpaka niliposema ugonjwa unatoka kwa baba na mama wote wawili, akanifukuza na ndoo ya maji machafu. Jana nimekwenda tena, nikamkuta mumewe, akaniuliza mimi ni nani hata niseme damu yake. Nikamwambia mimi ni dada yake mtoto aliyekufa. Hakunifukuza, lakini hakunikaribisha kukaa. Mke mwenza alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe mgongoni, beseni la vyombo liko chini, ananisikiliza bila kupepesa.

Shangazi aliponiona narudi aliuliza, "Wamekubali?"

Nikasema bado.

Akasema, "Basi kesho."

Ni asubuhi sasa. Ninafunga barua hii nimpe Ndaki akuletee huko Didia, kisha naenda.

Paskalina